Je, kupiga simu nyumbani kila siku kunamchelewesha mwanafunzi kuzoea ugenini?

#1 MgeniSikuYaTisa (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Leo ni siku ya tisa tangu nifike Marekani kuanza shahada ya uzamili, na huku nilipo tuko nyuma ya nyumbani kwa saa 8. Mambo ya lazima nimekwisha kuyakamilisha: nimeripoti katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nimepata kitambulisho cha chuo, nimefungua akaunti ya benki, na chumba changu kina kitanda, meza na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba nimepungukiwa na kitu. Hata hivyo kila usiku nashtuka saa 9, macho makavu kana kwamba kumekucha, nami huchukua simu na kuzungumza na mama kwa saa nzima au zaidi, kwa kuwa kule kwake wakati huo ni saa 5 asubuhi na najua atapokea. Ifikapo saa 8 mchana usingizi hunielemea hata nikiwa darasani, na nikirudi chumbani hufunga pazia na kulala mpaka jioni.

Jirani yangu wa bwenini, ambaye naye ni mgeni aliyefika mwaka uliopita, ameniambia kwamba sitazoea nikiendelea hivi, kwa sababu mwili umeshuka kwenye ndege lakini moyo bado uko kule nilikotoka. Yeye anasema alikata simu kwa wiki tatu nzima. Naomba waliopitia hali hii waniambie: ni kweli simu ndiyo inayonichelewesha, au kuna jambo jingine nisiloliona?

#2 KaulaNne

Jirani yako amekwambia kweli. Nilipokuwa mwaka wa kwanza Uturuki nilikuwa nikipiga simu asubuhi na jioni, na kila nilipomaliza kuzungumza chumba kilionekana kidogo zaidi kuliko nilivyokiacha. Kisha simu ikaharibika, na kwa siku 11 sikuwa na namna ya kumpata mtu yeyote wa nyumbani isipokuwa kwa kompyuta ya maktaba. Siku ya nne ya zile 11 ndipo nilipojua jina la kijana tuliyekuwa tukipishana naye kwenye ngazi tangu nifike. Ulimi ukishapata wa kuzungumza naye, hautafuti mwingine. Piga mara moja kwa wiki, siku maalumu, basi.

#3 DadaMaabara

Naheshimu uzoefu wako, KaulaNne, lakini naona umegeuza mambo. Mwenye homa hutoka jasho, wala hatumwambii kwamba jasho ndilo linalomuumiza. Mleta mada anapiga simu kwa sababu hajazoea, nawe unasema hajazoea kwa sababu anapiga simu. Hata hiyo hadithi yako ina pengo: ilipofika hiyo siku ya nne ulikuwa umekwisha kukaa huko kwa muda gani? Huenda ungelijua jina la yule kijana wiki hiyo hiyo hata kama simu ingekuwa nzima.

#4 SaaYaMwili

Kabla hatujamhukumu mama wa watu, tuhesabu saa.

Ndani ya ubongo kuna saa inayouelekeza mwili wakati wa kulala, wa kuamka na wa joto lake kupanda na kushuka, na saa hiyo haibadiliki rubani anapotangaza muda wa kule mnakotua. Mleta mada anashtuka saa 9 usiku, ambayo kwao ni saa 5 asubuhi. Anasinzia saa 8 mchana, ambayo kwao ni saa 4 usiku. Mwili wake haujakosea hata kidogo. Unafuata mchana na usiku wa kule ulikotoka. Kwa kawaida saa hiyo husogea kwa takriban saa moja kwa siku, na kwa watu wengi safari ya kuelekea magharibi, kama hii yake, ni nafuu kuliko ya kuelekea mashariki, kwa sababu mzunguko wa asili wa saa hiyo ni mrefu kidogo kuliko saa 24, na hivyo ni rahisi kuichelewesha kuliko kuiwahisha.

Sasa mtu aliye macho peke yake wakati jengo zima limelala, awe mgeni au mwenyeji, lazima aone dunia imemtupa. Nisingeanza kulitafuta tatizo moyoni kabla ya kulitafuta katika usingizi.

#5 KaulaNne

Kwa hesabu yako mwenyewe, mkuu, tofauti ya saa 8 kwa kasi ya saa moja kwa siku ni siku 8. Leo ni siku ya tisa. Mbona haijafika?

#6 SaaYaMwili

Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika bandiko la kwanza: ni lile pazia. Kinachoisogeza saa ya mwili kuliko kitu kingine chochote ni mwanga. Aliyesafiri kuelekea magharibi anahitaji mwanga wa alasiri na jioni, kwa kuwa huo ndio unaoiambia saa ichelewe, na mleta mada analala gizani katika saa hizo hizo. Kisha inapofika saa 9 usiku anawasha taa na kukodolea kioo cha simu. Siku mbili tatu za mwanzo mwanga huo haukumdhuru sana, maana kwa mwili wake ulikuwa mchana wa kawaida; lakini saa ikishaanza kusogea, mwanga wa usiku wa manane huivuta irudi ilikotoka. Anausukuma mlango na kuuvuta kwa wakati mmoja.

Atoke nje kuanzia saa 9 alasiri mpaka jua lizame, ajikaze asilale kabla ya saa 4 usiku, na akishtuka usiku akae gizani. Aliyesafiri kuelekea mashariki asiuige ushauri huu, kwani kwake mambo hugeuka, na kwa tofauti kubwa ya saa hata mwanga wa asubuhi mapema unaweza kumsukuma upande asioutaka katika siku za kwanza.

#7 DadaMaabara

Je, akizungumza na mama gizani, simu ikiwa sikioni na kioo kimezimwa?

#8 SaaYaMwili

Kwa upande wa saa sina pingamizi. Kwa upande wa gharama ya usingizi wenyewe, saa nzima ya mazungumzo ni saa nzima ya kutolala.

#9 MsomiWaJioni

Nashangaa tumefika bandiko la tisa bila mtu kutaja mshtuko wa utamaduni. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliueleza mwaka 1960, akasema chanzo chake ni kupotelewa na zile ishara ndogo ndogo zinazotuongoza kila siku bila kufikiri: wakati wa kupeana mikono, namna ya kukataa mwaliko, lini maneno ya mtu yachukuliwe kwa uzito na lini yasichukuliwe. Alitaja hatua nne, kuanzia fungate, ambapo kila kitu kinapendeza, kisha msukosuko, kisha kupata nafuu, na mwisho kuzoea. Alitaja pia dalili, mojawapo ikiwa ni kuyakuza mema ya nyumbani hata yale ambayo mtu alipokuwa huko hakuyajali. Mleta mada amemaliza fungate na sasa yuko hatua ya pili. Ukiuchora mwendo wake unapata umbo la herufi U, unashuka kisha unapanda. Avumilie tu.

#10 MpimaManeno

Asante kwa mchango huo, MsomiWaJioni, ila umeunganisha kamba mbili. Hatua nne ni za Oberg, sawa. Ile herufi U inatokana na kazi ya Sverre Lysgaard ya mwaka 1955, ambaye aliwahoji raia 200 wa Norway waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokuwa wamekaa chini ya miezi 6 na waliokaa zaidi ya miezi 18 ndio walioeleza kwamba walizoea vyema. Walioyumba ni wale wa katikati. Tazama kipimo: ni miezi. Kumwambia mtu wa siku ya tisa kwamba amekwisha kufika chini ya ile U ni kuuchukua mchoro wa mwaka mzima na kuubandika juu ya wiki moja. Tena waliohojiwa walikuwa watu mbalimbali waliokwisha kurudi kwao na kukumbuka. Hakuna aliyefuatiliwa hatua kwa hatua.

Colleen Ward na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 1998, waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand tangu walipofika, na hao walionekana kuelemewa zaidi pale pale mwanzoni. Fungate haikuonekana. Kwa hiyo mleta mada asidhani kwamba ameiruka hatua fulani ya furaha ambayo wenzake wote waliipata.

#11 MgeniSikuYaTisa (mleta mada)

MpimaManeno, kwa maneno yako ya mwisho nimepumua. Tangu nifike nimekuwa nikijiuliza mbona sikuiona hiyo furaha ambayo kila mtu huisimulia. Siku ya kwanza niliketi juu ya sanduku langu kwa karibu saa mbili bila kulifungua.

#12 MkongweWaBweni

Vijana, mimi nilifika Muungano wa Kisovieti mwaka 1983. Wakati huo wageni wengi tulitumia mwaka mzima wa kwanza katika kitivo cha maandalizi tukijifunza Kirusi kabla ya kugusa masomo yenyewe. Simu ya kwenda nyumbani ilikuwa jambo la kuomba na kungoja, na kwangu halikutokea mwaka ule. Barua ya kwanza ilinifikia baada ya wiki saba, nikaisoma mpaka mikunjo yake ikatoboka.

Kama dawa ni kukata mawasiliano, basi mimi ningekuwa nimezoea kuliko wote humu, kwa kuwa niliinywa dawa hiyo bila kuitaka. Haikuwa hivyo. Kila asubuhi kabla ya darasa nilipita kwa mama mlinzi wa bweni kutazama kisanduku cha herufi ya jina langu, na kila jioni nilipita tena, ingawa nilijua kwamba barua huletwa mara moja tu kwa siku. Kungoja kulinila muda mwingi kuliko saa moja ya mleta mada. Aliyenivusha ni yule mama mlinzi. Siku moja aliona nimerudi mikono mitupu, akanivutia kiti, akaanza kunitajia majina ya vitu vilivyokuwa mezani pake, kimoja kimoja, nami nikarudia. Tulifanya hivyo mpaka majira ya baridi yakaisha.

#13 KaulaNne

Shikamoo mzee. Nakubali kwamba kukosa simu na kuiacha kwa hiari ni mambo mawili. Lakini naomba uone kwamba hata wewe ulivushwa na mtu wa pale pale ulipokuwa, hukuvushwa na barua.

#14 MkongweWaBweni

Marahaba. Ni kweli. Lakini alinivutia kiti kwa sababu aliniona nikingoja barua.

#15 MwanafunziIsimu

Naomba niongeze jambo ambalo naona limepitwa, nalo ni uchovu wa lugha. Nilifaulu mtihani wa lugha kwa alama nzuri kabla ya kuondoka, na katika mhadhara wa kwanza nikahisi kama nimekosea chumba. Mtihani hukupa sauti safi, mtu mmoja kwa wakati, tena unajua swali linalokuja. Mhadhiri hugeukia ubao huku akiendelea kuzungumza, humeza mwisho wa sentensi, hutaja jambo lililotokea katika nchi yake miaka ishirini iliyopita, na darasa zima linacheka wakati wewe bado unatafuta kitenzi. Ilipofika saa 8 mchana nilikuwa nimechoka kama mtu aliyebeba mizigo, na sikuwa nimevuka bahari wala kubadili saa, kwa kuwa nchi niliyokwenda kusoma inapakana na yetu. SaaYaMwili anaweza kuieleza saa 9 usiku, lakini usingizi wa mchana darasani una maelezo zaidi ya moja.

Kwa wiki nzima niliona aibu kuomba mtu arudie kauli yake mara ya tatu, nikawa naitikia tu. Hivyo ndivyo nilivyokubali, bila kujua, kuwasilisha kazi ya kundi zima siku tatu baadaye. Niliumia sana, na tangu hapo nimekuwa nikiuliza hata mara ya nne. Mleta mada asome slaidi usiku wa kuamkia mhadhara, aketi mbele anakoweza kuuona mdomo wa msemaji, na amwombe mhadhiri ruhusa ya kurekodi sauti.

Kuhusu simu: saa ile ya kuzungumza na mama ndiyo saa pekee katika siku yake ambamo hatafsiri chochote kichwani. Mtu aliyebeba mzigo kutwa anapoutua, msimwambie kwamba kuutua ndiko kunakomchosha.

#16 KaraniWaKaratasi

Mleta mada anasema mambo ya lazima ameyakamilisha. Nampongeza, lakini namwomba aihakiki rekodi yake ya kuingia, ile I-94, kwenye mtandao wa serikali ya huko, aone kama jina limeandikwa sawasawa na lilivyo katika pasipoti na kama aina ya viza imeandikwa ipasavyo. Kosa la herufi moja leo linaweza kumsumbua atakapoomba namba ya hifadhi ya jamii au leseni ya udereva. Pia asikubali kazi yoyote nje ya chuo mwaka huu wa kwanza. Ndani ya chuo ruhusa ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Nasema haya kwa sababu mimi naamini kwamba kinachomvunja mgeni ni karatasi. Nilipofika Ujerumani sheria ilinitaka nisajili makazi ndani ya wiki mbili tangu nihamie, na ili nisajiliwe nilitakiwa kuleta hati iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Aliyenipangisha chumba naye alikuwa mpangaji, akakataa kutia saini kwa kuhofia mwenye nyumba halisi. Pesa zangu zilikuwa katika akaunti maalumu iliyozuiwa, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto, inayotoa kiasi fulani tu kila mwezi, nayo haikutoa kitu mpaka nifungue akaunti ya kawaida. Benki niliyokwenda ikataka hati ya usajili wa makazi. Bila nyumba hakuna usajili, bila usajili hakuna benki, bila benki hakuna pesa, na bila pesa hakuna nyumba nyingine. Nilizunguka duara hilo kwa siku 19. Nilipopata chumba chenye hati halali, nilisajiliwa kwa dakika zisizofika kumi, na usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimemjua mtu yeyote mpya wala kujifunza neno jipya la Kijerumani. Mtu akishakuwa na anwani, mwili wake unajua umefika.

#17 NyotaYaMashariki

Karani, umenikumbusha China. Huko mgeni hutakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 tangu afike, ingawa anayekaa bweni kwa kawaida chuo humsaidia, na mwenye viza ya masomo ya muda mrefu huomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Nilipopewa miadi ya uchunguzi wa afya kwa ajili ya kibali hicho, niliandika katika daftari langu “saa 3”, kwa hesabu yetu ya kuanzia macheo, kisha asubuhi ya siku yenyewe, kichwa kikiwa kimechanganyikiwa na saa za huko, nikaisoma kama wanavyoisoma wao, nikafika alasiri. Niliambiwa nirudi wiki iliyofuata. Tangu siku hiyo miadi yote naiandika kwa tarakimu nne. Kwa hiyo nawaunga mkono wote wawili, wa karatasi na wa saa, kwa sababu kwangu vilikuwa kitu kimoja.

#18 MwanaKaskazini

Mmesahau giza. Nilisoma Uswidi na nawahakikishia kwamba kilichonielemea ni kukosa jua. Mtu anaamka gizani na kurudi gizani.

#19 MpimaManeno

Ulifika mwezi gani?

#20 MwanaKaskazini

Mwishoni mwa Agosti.

#21 MpimaManeno

Basi siku zako za kwanza hazikuwa na giza. Mwishoni mwa Agosti jua la Stockholm huwa juu kwa zaidi ya saa 14, na ilipofika karibu tarehe 22 au 23 Septemba mchana wako ulikuwa karibu sawa na wa mtu yeyote duniani. Giza unalolikumbuka ni la Novemba na Desemba, nalo ni kweli kabisa, kwani Desemba mchana wa huko hushuka hadi saa 6 hivi. Nadhani kumbukumbu ya majira ya baridi imerudi nyuma na kuzifunika wiki zako za mwanzo. Sisemi hivyo kwa kukubeza. Ndiyo sababu hiyo hiyo iliyonifanya nisiziamini sana simulizi za waliohojiwa baada ya kurudi kwao, katika bandiko la 10.

#22 MwanaKaskazini

Umenishika, na nimelitafakari. Nikikumbuka vizuri, wiki ya kwanza nilishindwa kulala kwa sababu jua lilichelewa kuzama na chumba hakikuwa na pazia. Mleta mada ana pazia mno, mimi sikuwa nalo kabisa.

#23 BabaWaWawili

Nimesoma uzi huu kutoka upande wa pili wa simu, kwa kuwa nina binti anayesoma mbali. Aliposhauriwa na wenzake, kama KaulaNne anavyoshauri, aache kupiga kwa muda, alitii kwa wiki mbili bila kutuambia sababu. Mama yake aliacha kula chakula cha usiku, nami nilikuwa nikiamka kutazama kama amepita mtandaoni. Alipopiga tena hakutusimulia kitu, maana sote tulikuwa tukimuuliza tu kwa nini alinyamaza. Sikatai kwamba mtoto anahitaji nafasi. Naomba tu kwamba anayetaka kupunguza aseme anapunguza, ataje siku na saa, kwa sababu mzazi naye anaanza maisha mapya siku ile ile ndege inapoondoka, na hakuna ofisi ya kumpokea.

Swali kwako, mleta mada: saa 5 asubuhi mama yako huwa wapi?

#24 MgeniSikuYaTisa (mleta mada)

Baba, swali lako limenifanya niweke simu chini kwa muda. Mama yuko kazini saa hiyo. Nimemuuliza leo, naye amekiri kwamba kila siku huaga na kwenda kusimama nje penye ngazi, na saa ile humkata kwenye mapumziko yake ya mchana. Hakuwahi kuniambia.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika katika bandiko la kwanza. Katika saa hiyo nzima huwa simwambii lolote la kweli. Namwambia masomo yanaenda vizuri, wenyeji ni wakarimu, nimelala vya kutosha. Kisha nikikata simu najisikia mpweke kuliko kabla.

#25 DadaMaabara

Hapo ndipo penyewe. Kuigiza kwa saa nzima kila usiku kunachosha kuliko mhadhara. Narekebisha msimamo wangu wa bandiko la 3: simu yaweza kuwa sehemu ya ugonjwa, kutegemea kinachosemwa ndani yake.

#26 MsomiWaJioni

Nimekubali masahihisho ya bandiko la 10, na kwa malipo naleta jambo la zamani. Neno nostalgia lilibuniwa na mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, katika tasnifu aliyoitoa Basel mwaka 1688, kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa mwanafunzi aliyetoka Bern kwenda kusoma Basel, miji ya Uswisi ambayo kwa mstari ulionyooka haiachani hata kilomita 100. Alidhoofika kiasi cha kukatiwa tamaa, akaanza kupata nafuu mara tu alipoanzishwa safari ya kurudi kwao, kabla hata hajafika. Hapo hapakuwa na simu, wala ndege, wala tofauti ya saa. SaaYaMwili atueleze mwanafunzi yule alichelewa kwa saa ngapi.

#27 SaaYaMwili

Hakuchelewa hata kwa dakika moja, nami sikudai kwamba kila huzuni ya ugenini ni ya saa. Nilidai kwamba ya mleta mada tuanze kuipima hapo, kwa kuwa saa zake za kushtuka na kusinzia zinalingana na za kwao bila kupishana. Mgonjwa mmoja wa mwaka 1688, aliyeandikwa na daktari aliyekuwa akitafuta jina la ugonjwa, hawezi kuibatilisha hesabu hiyo.

#28 MgeniSikuYaTisa (mleta mada)

Wakuu, leo ni siku ya 18, na naona ni haki nirudishe majibu. Pazia nimeliacha wazi tangu siku ya 11, na kila alasiri natembea na yule jirani yangu kuuzunguka uwanja wa michezo mpaka jua lizame. I-94 nimeihakiki, iko sawa. Simu nimepunguza hadi mara tatu kwa wiki, kwa siku tulizokubaliana na mama, katika saa ambazo hayuko kazini.

Jambo ambalo sikulitarajia ni hili. Katika simu ya kwanza baada ya bandiko la 24 nilimwambia mama ukweli kwamba nusu ya mhadhara wa takwimu sikuielewa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nusu ipi. Nikafungua daftari nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, yeye ambaye hajawahi kusoma takwimu, akawa ananisimamisha kila asipoelewa, na kufikia mwisho nikaona kwamba kisichoeleweka kilikuwa kurasa mbili tu, nazo niliweza kuziulizia kesho yake. Wiki hii nimelala mara nne mpaka saa 11 na nusu alfajiri.

#29 MwanafunziIsimu

Nimefurahi mno. Hiyo ni lugha, ndugu yangu. Ulipopata kuyasema masomo yako kwa Kiswahili, kichwa kilitulia.

#30 SaaYaMwili

Pazia tangu siku ya 11, usingizi kamili kufikia siku ya 18. Hesabu inakaa vizuri sana.

#31 KaulaNne

Kutoka simu saba hadi tatu kwa wiki, na jirani amepatikana wa kutembea naye. Sina la kuongeza juu ya bandiko la 2, ila kumwomba radhi BabaWaWawili kwa kutotaja habari ya kuaga. Mleta mada, huyo jirani aliyekata simu kwa wiki tatu, umemuuliza yeye alizoea siku ya ngapi?

#32 MgeniSikuYaTisa (mleta mada)

Nimemuuliza jana jioni tukitembea. Alifikiri kwa muda, akasema siku haikumbuki. Anachokumbuka ni kwamba alipopiga simu baada ya zile wiki tatu, mdogo wake hakuitambua sauti yake mara moja. Tukamaliza mzunguko mmoja kimya. Kesho tuna mtihani mfupi wa zile kurasa mbili, kwa hiyo naomba nisionekane humu kwa siku chache.